Waliolala Ng'ambo ya Kijito

Thayamarka, 14 Julai 2001

Mwanangu Toribia,

Anayeniandikia ni Wenceslao katekista, kwa hiyo ukikuta neno la adabu mahali ulipotegemea tusi, ujue ni lake, siyo langu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Ananitazama tu. Andika, Wenceslao, jibini nimekupa ya nini?

Mimi nipo. Magoti ndiyo hayapo, yaliniacha tangu baridi ya Juni. Yule kuku mweusi alikufa, siyo kwa ugonjwa, alikanyagwa na punda wa Ponciana, na Ponciana hajasema hata pole, ukoo wao wote wako hivyo, mama yake alikuwa anapita mbele ya msiba anatafuna.

Lakini sikuandikii kwa habari za kuku. Mambo ni haya. Meya wetu, Lisandro Pabón, kapata mapenzi ya ghafla na watu. Yule yule ambaye ukimsalimia anatazama juu ya kofia yako kama anatafuta mvua, sasa anasimama uwanjani anauliza wazee, mama, watoto wako wazima? Wako wapi siku hizi? Watakuja lini kutuona? Nikasema huyu ama anakufa ama ana shida. Kumbe ana shida. Septemba kuna sensa, na serikali inagawa pesa kwa vichwa. Tukiwa wachache, tutafungwa kamba moja na Qalluma, majirani zetu wa ng'ambo, na hela zetu zitapita mikononi mwa meya wao kwanza. Basi Lisandro, aliyetuona kondoo miaka yote, sasa anatuhesabu kama kondoo, tofauti ndiyo hiyo tu.

Jumapili alipanda kwenye roshani ya halmashauri na kipaza sauti. Madiwani wamejipanga nyuma yake, unawajua, wote watano wakikaa pamoja hupati akili ya kuchemshia chai. Akasema kila mtoto wa Thayamarka aliyeko El Alto, aliyeko La Paz, popote, arudi alale kwao siku ya sensa. Malori atatuma yeye. Halafu akasema, nakupa maneno yake: "Asiyehesabiwa hapa siyo wa hapa, na shamba lake linarudi kwa jumuiya." Na mkuu wa jumuiya, Casimiro, mjeledi wa cheo chake begani kama kawaida, akatikisa kichwa kukubali. Casimiro anatikisa kichwa hata mbwa akibweka.

Sasa shamba lako, Toribia. Baba yako alikuandikisha wewe, siyo mimi, na alijua alichofanya. Lile la kando ya kijito, lenye maji mwaka mzima. Shemeji yake Lisandro amepita pale mara mbili wiki hii, mikono nyuma, anapiga udongo teke. Nikamuuliza umepoteza nini? Akasema anatembea tu. Mtu mnene vile hatembei tu.

Na kutakuwa na sherehe ya kuwakaribisha, bendi, bia, kwenye ule ukumbi wake wa michezo. Unaukumbuka? Ulianza wewe ukiwa bado hapa. Kaujenga ng'ambo ya kijito kwa sababu kiwanja kilikuwa cha kumpare wake, yule aliyembatizia mtoto, wakagawana, na tangu umalizike hakuna aliyecheza humo isipokuwa panya. Mawe ya mpaka yako huku upande wetu wa maji, kila mtu anajua pale ni Qalluma, lakini yeye kaandika jina lake ukutani kwa rangi nyekundu, basi anaona inatosha.

Njoo. Sikuambii kwa ajili yangu. Njoo ulale hapa siku moja uhesabiwe, uokoe shamba.

Mama yako,
Nicanora Laruta
(kidole gumba, Wenceslao kanishika kama mwizi)


El Alto, 2 Agosti 2001

Mama,

Barua imefika na jibini, asante. Ile ya Wenceslao nadhani kaila.

Siwezi kuja. Hapa mtaani tuna Lisandro wetu pia, mwenyekiti wa mtaa, naye ana kipaza sauti. Kasema nyumba itakayokutwa tupu siku ya sensa haitapata bomba. Nimebeba maji kwa ndoo miaka mitatu, mama. Siliachi hilo bomba.

Na kuna jambo lingine, siwezi kulipita. Unaniambia nije. Hukuuliza Froilán yupo vipi. Barua nzima hukumtaja. Siku ya harusi yetu ulimwambia mbele ya wazazi wake kwamba watu wa Qalluma wanaoga mara moja, siku ya kubatizwa, na yeye kama mlokole hata hiyo hakuipata. Watu walicheka. Yeye alicheka pia, kwa heshima. Mimi sikucheka.

Shamba nalitaka. Tafuta njia nyingine.

Toribia


Thayamarka, 11 Agosti 2001

Toribia,

Nilisomewa barua yako mara mbili, ya pili nilimwambia Wenceslao asome polepole, labda aliruka mahali pa heshima. Hakuruka.

Yule mumeo nilisema nini ambacho siyo kweli? Qalluma ni watu gani? Walituibia sanamu ya mtakatifu wetu wakati wa ukame, wakasema alitembea mwenyewe. Meya wao ana meno ya dhahabu mbele na hana choo nyumbani. Ukamwona mtu wa namna hiyo kati ya watu wote wa El Alto, mji unaofurika wanaume, ukamchagua yule. Hanywi, hachezi, hatafuni majani ya koka. Mwanamume asiyefanya chochote utamlaumia nini? Utamsamehe nini? Ndoa inaishia wapi?

Lakini nasema hivi. Bomba nimelielewa. Mimi pia nimebeba maji. Ila shemeji wa Lisandro sasa kaja na kamba ya kupimia. Kamba, Toribia. Kaifunga kwenye jiwe la baba yako, lile alilokuwa anakaa akivua viatu. Nikaikata kwa kisu cha viazi, akaenda kushtaki, na Casimiro kaja kuniambia nisubiri sensa, kwamba amri ni amri, usipohesabiwa wewe au mtu wa nyumba yako, shamba limekwenda. Alisema akiwa ametazama chini. Mjeledi ule anauvaa kama wanawake wanavyovaa shali.

Au mtu wa nyumba yako. Ndivyo alivyosema, nimemrudisha aseme tena.

Sina la kuongeza. Baridi ni kali, viazi vya kugandisha vimetoka vizuri mwaka huu, vyeusi.

Nicanora Laruta


El Alto, 25 Agosti 2001

Mama,

Namtuma Froilán kwako. Ni mtu wa nyumba yangu, tumefunga ndoa kwa sheria, vyeti anavyo mfukoni. Mimi nabaki na bomba.

Atakuja na lori la meya siku moja kabla. Kazi ya uashi kaiacha ili aje, na fundi mkuu wake kamfokea. Anajua anakuja kwa nani, akasema sawa.

Kwenye sherehe hataenda, usimlazimishe. Mpe mahali pa kulala pasipovuja. Na uongee naye, mama. Siyo kuongea juu yake akiwa amekaa hapo.

Toribia


Thayamarka, 9 Septemba 2001

Toribia,

Kaa chini kwanza. Wenceslao naye kakaa chini, maana tangu jana akianza kucheka hawezi kushika kalamu, na yeye mwenyewe yamemkuta, utasikia.

Malori yalifika Jumanne. Watu! Wengine sijawaona tangu wakiwa na makamasi, sasa wana matumbo na saa za mkononi. Mtoto wa Ponciana kaja na miwani ya jua. Mumeo alishuka wa mwisho, na begi dogo na blanketi lake mwenyewe, kama anayekwenda hospitali. Akanisalimia vizuri. Nikamwambia kiti kile pale.

Bendi ikaanza. Lisandro anapita nyumba kwa nyumba, kavaa taji la maua, anasema mama Nicanora, twende, leo tunasherehekea umoja. Nikamwambia magoti yangu hayana umoja. Akamgeukia mumeo. Mumeo akasema asante, mheshimiwa, mimi sinywi. Basi Lisandro akacheka, akamwita bibi harusi, na wale madiwani wakacheka kwa zamu. Nami nilikasirika, lakini siyo na Lisandro, nilikasirika na mumeo, nikasema Mungu wangu, katika nyumba zote aibu imeingia kwangu. Nikamwambia: "Nenda hata kapige makofi tu, uonekane ni mwanamume." Akasema: "Mama, nimekuja kulala hapa. Nitalala hapa." Akakunja blanketi. Akalala kama gogo, na kelele zote zile.

Kijiji kizima kilivuka kijito. Na ilipofika saa ya kurudi, si unajua amri ya sensa, hakuna gari kutembea, hakuna mtu kutoka alipo mpaka ahesabiwe. Isitoshe walikuwa wamelewa na maji ya kijito yameganda pembeni, nani avuke? Lisandro akasema laleni humu humu, ukumbi ni wenu. Ndiyo wakalala, wakapangana kama viazi, meya, madiwani, Casimiro na mjeledi wake, Wenceslao huyu hapa na rozari yake. Nilikwenda kuimba tu, anasema. Andika hivyo, uliimba tu.

Asubuhi nimekaa mlangoni nachambua viazi. Naona ng'ambo wanafika makarani wa sensa, wale vijana wa chuo cha ualimu, na askari wawili. Wametoka upande wa Qalluma. Wanafunga mlango wa ukumbi, wanaanza kuhesabu. Na sheria yao ni moja tu, Toribia, hata mimi niliielewa ingawa sikusoma: unahesabiwa ulipolala.

Nilisikia sauti ya Lisandro mpaka hapa. Eti ukumbi ni wa Thayamarka, tazameni jina langu ukutani. Askari akamwambia akae chini ajibu maswali. Akaulizwa unajua kusoma? Basi, wote wale, na watoto wao wa El Alto na malori na matumbo, wamehesabiwa Qalluma. Tumewapelekea watu wetu kwa bendi. Meya wa Qalluma, yule asiye na choo, alikuja saa nne kuwapa supu. Supu, Toribia. Akawashukuru.

Huku kwetu alikuja karani msichana wa mjini, kavaa viatu vya kitambaa, anatetemeka. Nyumba baada ya nyumba anakuta mbwa. Kwetu akafurahi kukuta pua mbili. Maswali yake sasa! Sakafu ni ya nini? Nikamwambia si umeikanyaga. Wiki iliyopita ulifanya kazi? Nikamuuliza yeye je, anaita hii kazi? Akauliza ni nani kalala hapa jana usiku. Nikasema mimi na huyu. Akasema huyu ni nani yako? Kalamu iko juu, anasubiri. Nikasema ni mkwe wangu. Basi, kaandika.

Halafu akamgeukia yeye, mke wako yuko wapi? Akasema mke wangu na binti yangu wako El Alto, watahesabiwa huko.

Sikiliza vizuri, Toribia. Sikumwuliza mbele ya yule msichana. Nilichambua viazi mpaka akaondoka. Ndipo nikamwambia, binti gani? Akawa mweupe, akasema, mama, nilifikiri unajua. Akasema ana mwaka mmoja na nusu. Akasema jina lake.

Yaani serikali imejua nina mjukuu kabla yangu. Karani wa viatu vya kitambaa kajua kabla yangu.

Nicanora Laruta


El Alto, 16 Septemba 2001

Mama,

Hapa tulihesabiwa salama, wawili. Bomba wamesema mwezi ujao. Nikiliona nitaamini.

Nilimwambia Froilán asiseme mpaka nikuambie mwenyewe. Nilianza barua nne. Kila nikiandika jina la mtoto nakusikia unamwambia ana pua ya Qalluma. Anayo kweli. Nilisema nitasubiri mpaka awe mkubwa wa kutosha kukujibu.

Sasa niambie la shamba. Watu wa lori waliorudi hapa wanasema wote wamepoteza kwa amri ile ile, wanasema kutakuwa na mkutano, wanasema kila mmoja anamtazama jirani yake kwa jicho la mwizi. Mimi jina langu halikuwa Thayamarka wala Qalluma. Shamba limekwenda?

Na mume wangu yuko wapi? Wenzake wamerudi wote.

Toribia


Thayamarka, 30 Septemba 2001

Toribia,

Mkutano umefanyika, wa jumuiya, uwanjani. Ungeona nyuso. Tuliolala nyumbani tulikuwa vikongwe wenye magoti, walokole wachache na Melitón mwenye kifua kikuu. Tukakaa mbele. Siku hiyo Thayamarka ilikuwa yetu, na sijawahi kuiona ikiwa na akili kiasi kile.

Lisandro alizungumza kwanza. Eti amri ile ya mashamba ilikuwa ya kuhamasisha tu. Eti waliokuwa ukumbini roho zao zilikuwa Thayamarka. Madiwani wakapiga makofi, na wao mashamba yao yamo. Kwa hiyo amri ifutwe kwa wote waliokuja. Halafu akakohoa. Ila, akasema, kwa wale ambao hawakuja kabisa, amri ibaki, ili liwe fundisho. Kwa mfano shamba la Toribia Chambilla, mwenyewe hakuja, kamtuma mume, na mume ni mzaliwa wa Qalluma, siyo mwenzetu.

Shemeji yake alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

Nikainuka. Mumeo akanipa bega, maana nilikuwa nimekaa muda mrefu. Nilikuwa na maneno mengi, Toribia, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, ya babu yake Lisandro na ile biashara ya punda, yote. Lakini nikamwona pale na tai yake, nikaona hata si wa kupotezea mate. Nikasema moja tu:

"Huyu kahesabiwa Thayamarka. Wewe umehesabiwa Qalluma. Kamwombe meya wako ruhusa ya kusema hapa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Ponciana, mwenye punda, ndiyo nimemsamehe kuku. Kisha wote, mpaka waliolala ukumbini, wanajicheka wenyewe. Lisandro akafungua mdomo, mtu nyuma akapiga kelele: "Lete supu!" Akakaa. Casimiro akatikisa kichwa, lakini safari hii nilimshika macho, nikamwambia sema kwa mdomo. Akasema. Shamba la Toribia Chambilla ni la Toribia Chambilla, mtu wa nyumba yake alikuwepo. Na mikono ikainuliwa, yote, hata ya shemeji mtu, aliona bora asionekane kaishusha.

Lisandro bado ni meya. Madiwani wanasema watamtoa. Watamtoa, watamweka mwingine aliyelala naye blanketi moja. Hela zetu mwaka ujao zitakwenda Qalluma, wajenge labda choo cha meya. Mimi sijawahi kuiona hela yenyewe, kwa hiyo sitaikosa.

Sasa habari ya mumeo. Yuko shambani. Nilimwambia ardhi ikikaa bila kulimwa baada ya mkutano kama ule, watasema tumeitetea kwa maneno tu. Akasema sawa, mama. Anasema sawa kwa kila kitu, inachosha. Analima vibaya. Mistari yake imepinda kama ya mlevi, na huyo ndiye asiyekunywa. Nimemwonyesha, nikamshikia jembe, bado. Chakula anakula chote bila kusema kizuri wala kibaya. Jioni anasoma Biblia yake kwa sauti, nami namwambia pale mahali palipokosewa.

Fundi mkuu wake kaleta ujumbe kwamba kazi inamsubiri. Nimejibu viazi haviingii ardhini kwa ujumbe.

Simrudishi kwa lori. Kama unamtaka, njoo umchukue mwenyewe. Na mtoto umfunge vizuri mgongoni, mablanketi mawili, pale mlimani upepo unaingia masikioni. Umfunike pua hiyo.

Mama yako,
Nicanora Laruta